Jino Moja Mbele

Fundi Mshana hakuuliza nataka nini.
Aliinama, akahesabu kwa kucha yake nyeusi
kama nesi anayekagua kinywa cha mtoto:
kumi na nne mbele, arobaini na nane nyuma.
"Hii," akasema, "ilifungwa na mtu wa mlimani."

Kweli. Baba aliifunga mwaka sabini na nane,
bwana shamba wa kahawa, tarafa nzima mgongoni,
dawa ya chulebuni kwenye karia,
koti la mvua, daftari la mibuni ya watu.
Hakuwa na haja ya mbio. Haja yake ilikuwa Uru,
na Kibosho, na vile vijia vya tope jekundu
ambako gia ya kwanza ilipanda kama mbuzi,
bila kuuliza njia inakwishia wapi.

Mimi kazi yangu iko Usa River, kwenye maua ya wenyewe.
Kila Jumatatu saa kumi na moja alfajiri
natoka Majengo, naishika lami,
na mshale ukigusa sitini injini inalia
kama nguruwe aliyeona kisu.
Nikifika Kwa Sadala mikono imekufa ganzi.
Boma Ng'ombe malori yananipigia honi,
basi linanipita na upepo wake, nayumba,
na kwenye kioo cha pembeni mlima mzima
unatikisika, uji kwenye bakuli la mlevi.

"Jino moja mbele," Mshana akasema,
"ni sawa na matatu nyuma.
Tukiongeza huku na kupunguza kule, itakimbia.
Lakini sikiliza, dada:
unanunua mbio, unauza nguvu.
Mlima utakudai."

Nikamwambia afunge.

Nati ya mbele ilikuwa imeganda.
Tukaimwagia dizeli, tukanywa chai, tukarudi.
Alipobandua kifuniko, ndani kulikuwa na udongo
mwekundu, mkavu, umeshikana na grisi,
tope la msimu gani sijui, la kilima kipi.
Akaukwangua kwa bisibisi, ukaanguka kwenye gazeti
juu ya matokeo ya mpira.
Nilikaribia kusema, usitupe.

Kumi na tano mbele. Arobaini na mbili nyuma.
Cheni akaipunguza pingili.

Jumatatu nikapita Kwa Sadala sijitambui.
Sabini na tano. Themanini.
Injini inaongea kama mtu aliyeketi.
Nikatupia jicho kiooni:
Kibo imesimama.
Imesimama kabisa, na theluji yake kidogo,
na kila mkunjo wa bega lake.
Miaka sita napita barabara hii
sikujua kumbe mlima unanisindikiza.

Jumamosi nikaenda kwa mama.
Kona ya pili baada ya daraja, pikipiki ikakohoa,
nikashusha gia, hakuna tena gia ya kushusha,
ikakohoa, ikazima.
Nikashuka, nikasukuma.
Vitoto viwili vikashika karia bila kuombwa,
malipo yao kubonyeza honi.

Mama alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.
"Chai haijabandikwa," akasema.
"Baba yako nilikuwa namsikia toka darajani,
naweka maji, akifika yanachemka.
Wewe leo umekuja kimya, kama mtu wa deni."

Nikafungua gazeti, nikampa ile ya nyuma,
gurudumu la meno arobaini na nane,
mengine yamechongoka kama ya papa.
Akaigeuzageuza. Akaipangusa kwa pindo la kanga.
Maji yalipochemka akailaza mezani
akaitua sufuria juu yake.
Haikuyumba.

Ile ndogo ya mbele iko mfukoni mwangu.
Spana namba kumi na saba iko chini ya siti.
Sijasema kitu.